Henga na Pafu la Chuma: Historia ya Daraja la Bandari ya Sydney

Kwenye ramani na nyaraka za serikali linaitwa Daraja la Bandari ya Sydney. Wenyeji wa mji huo wa Australia huliita Henga ya Koti, maana ukilitazama kutoka majini tao lake la chuma limepinda kama mabega ya ile henga ya kuning'inizia nguo kabatini. Jina hilo ndilo linalojulikana na watalii. Lakini lipo jina jingine la mitaani, lililotoka kwa watu waliokula kwa jasho la daraja lenyewe: Pafu la Chuma. Kwangu mimi, hili la pili ndilo linalobeba historia. La kwanza linasema daraja linafanana na nini tu.

Bandari ya Sydney ni mkono mrefu wa bahari ulioingia bara na kuugawa mji sehemu mbili. Kabla Waingereza hawajatia nanga mwaka 1788 na shehena yao ya wafungwa, upande wa kusini ulikuwa nchi ya Wagadigal na wa kaskazini nchi ya Wacammeraygal, nao walivuka kwa mitumbwi ya magome ya miti. Mwaka 1815 Francis Greenway, msanifu majengo aliyepelekwa kwenye koloni hilo akiwa mfungwa kwa kosa la kughushi, alimshauri Gavana Lachlan Macquarie ajenge daraja la kuunganisha kusini na kaskazini. Ushauri ulikuwa mzuri, ila hakuna aliyekuwa na fedha wala ujuzi wa kuutekeleza, na ulikaa zaidi ya miaka 100.

Aliyewahi kupanga foleni ya feri Likoni au Kigamboni hahitaji kuelezwa maisha yalivyokuwa katika miaka hiyo. Mji ulikua, kaskazini kukajaa nyumba, kazi zikabaki kusini. Asubuhi na jioni watu walivuka kwa vivuko vya mvuke. Asiyetaka kivuko alizunguka njia ya kilomita 20 hivi, akipita madaraja matano madogo. Maji yalijaa vyombo vilivyokatizana njia, na tarehe 3 Novemba 1927 kivuko Greycliffe, kikiwa na wanafunzi wanaotoka shule na watu wanaotoka kazini, kiligongwa na meli kubwa Tahiti na kukatika vipande. Walikufa watu 40. Kivuko hicho kilikuwa safarini kwenda Watsons Bay, njia ambayo daraja lisingeibadilisha, lakini ajali ile iliuonyesha mji jinsi bandari ilivyolemewa.

Aliyelitoa daraja kwenye makaratasi ni mhandisi John Job Crew Bradfield, mzaliwa wa Sandgate, Queensland, mwaka 1867. Mwaka 1912 serikali ya jimbo la New South Wales ilimweka awe mhandisi mkuu wa mradi wa daraja na reli za mji. Kwake vitu hivyo viwili havikutengana: daraja lilikuwa kipande cha mtandao wa treni zitakazopita chini ya mji na kuvuka maji hadi kaskazini. Mwaka 1916 muswada wake ulipita baraza la chini la bunge la jimbo. Baraza la juu likaukataa, kwa hoja kwamba fedha ziende kwenye vita. Bradfield akasubiri. Sheria ilipita mwaka 1922, na gharama nayo ikagawanywa kwa namna ambayo wenye ardhi waliotarajiwa kunufaika walitozwa kodi ya daraja miaka mingi kabla gari la kwanza halijavuka.

Mwanzoni Bradfield alikuwa na mchoro wa daraja la mihimili inayonyooshwa kutoka kila upande. Safari ya ng'ambo ilimbadilisha mawazo. Huko New York aliliona Hell Gate, daraja la reli lenye tao la chuma, akarudi akiamini kwamba tao lingegharimu kidogo zaidi na lingehimili vizuri uzito wa treni. Zabuni ilipotangazwa, makampuni sita yalileta mapendekezo 20. Tarehe 24 Machi 1924 kazi ilipewa kampuni ya Dorman Long ya Middlesbrough, Uingereza, kwa bei iliyoandikwa hadi senti ya mwisho: paundi 4,217,721, shilingi 11 na peni 10. Katibu wa Bradfield, Kathleen Butler, aliyeshughulikia nyaraka za zabuni ile tangu mwanzo, alitumwa London mwaka huohuo kuanzisha ofisi ya mradi. Katika zama ambazo mwanamke ofisini alitarajiwa kupiga taipu na kunyamaza, magazeti yalimwandika sana.

Kabla ya kujenga, walibomoa. Upande wa kaskazini peke yake majengo 469 yaliangushwa, nyumba na maduka, ili kupisha daraja na njia zake. Wapangaji wengi waliondoka bila fidia. Yupo mtu aliyeshuhudia haya kwa karibu sana: Frank Cash, kasisi wa kanisa la Lavender Bay. Waumini wake walikuwa wanahamishwa mtaa kwa mtaa, naye akawa anazunguka na kamera, akizipiga picha nyumba zikiwa zimepasuliwa nusu, karatasi za ukutani zikiwa nje nje. Baadaye alizipenda sana mashine na chuma, hata akachapisha kitabu mwaka 1930 akilifananisha daraja na mafunzo ya dini. Sijui waumini wake waliohamishwa waliyapokeaje mafunzo hayo.

Karakana zilijengwa Milsons Point, ukingoni mwa maji. Kiasi cha asilimia 79 ya chuma kilikuja kwa meli kutoka Uingereza, kilichobaki kikatoka Australia yenyewe. Mawe ya matale yalichongwa Moruya, kilomita 300 hivi kusini mwa Sydney, na mafundi mawe kutoka Scotland, Italia na Australia waliokaa na familia zao kwenye kijiji kilichojengwa kwa ajili ya kazi hiyo. Sehemu kubwa ya matale hayo iliishia kwenye minara minne ya mita 89 inayosimama mwishoni mwa tao. Minara hiyo haibebi chochote. Uzito wote wa tao unashuka kwenye bawaba nne kubwa zilizo chini yake, na minara iliwekwa ili macho ya watu yapate utulivu. Ni pambo ghali, ila nakiri kwamba bila minara ile daraja lingeonekana kama kazi iliyoachwa njiani.

Tao lilianza kupanda tarehe 26 Oktoba 1928. Bandari ilikuwa na shughuli nyingi, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuweka majukwaa majini. Kila nusu ya tao ilijengwa ikining'inia kutoka ukingo wake, imeshikiliwa kwa nyuma na kamba 128 za chuma zilizopitishwa kwenye handaki lenye umbo la kiatu cha farasi lililochimbwa mwambani. Juu ya kila nusu palikaa kreni kubwa iliyotambaa mbele kadiri tao lilivyorefuka. Matishari yalileta vipande vya chuma kutoka karakana, kreni ikavinyanyua, mafundi wakavifunga. Upande wa kusini ulitangulizwa makusudi, ili kosa lolote lionekane kabla halijarudiwa kaskazini.

Vipande hivyo viliunganishwa kwa ribiti, vyuma vinene vyenye kichwa, kiasi cha milioni sita kwa jumla, na ribiti kubwa kuliko zote ilikuwa na uzito wa kilo 3.5. Kazi ilienda kwa vikundi. Mmoja aliichoma ribiti kwenye tanuri dogo juu hukohuko hadi ikawa nyekundu, akaichomoa kwa koleo na kumrushia mwenzake. Mwenzake aliidaka kwa ndoo, akaiingiza kwenye tundu. Wa tatu aliikandamiza kwa nyuma, wa nne akaigonga kwa nyundo ya hewa mpaka upande wa pili nao ukawa kichwa. Kati yao na maji palikuwa na hewa tupu. Hawakuwa na kofia ngumu wala mkanda wa usalama. Ribiti isiyodakwa ilishuka ikiwaka hadi baharini, na kelele za nyundo ziliwaacha wengi viziwi kabla ya uzee.

Wafanyakazi 16 walikufa katika mradi huo. Watu hudhani wote walianguka kutoka juu, lakini walioanguka kutoka taoni ni wawili tu. Wengine walifia kwenye karakana, kwenye machimbo ya mawe, au kwenye njia za kuingilia darajani. Mmoja alianguka na kupona: Vincent Kelly, fundi chuma, aliyeteleza mwezi Oktoba 1930 na kuporomoka hadi majini. Kelly alikuwa mzoefu wa kupiga mbizi. Alijigeuza hewani, akaingia maji wima, akatoka na mbavu zilizovunjika. Kampuni ilimzawadia saa ya dhahabu, naye akarudi kazini.

Kwa nini mtu aliyevunjika mbavu anarudi palepale? Hapa ndipo jina la Pafu la Chuma linapoanza kueleweka. Mwaka 1928, huko Marekani, kulianza kutumika mashine kama pipa kubwa la chuma iliyomsaidia mgonjwa aliyepooza kifua kuvuta pumzi. Mwaka uliofuata uchumi wa dunia ukaanguka. Australia, iliyoishi kwa kuuza sufu na ngano na kwa mikopo ya London, ilipigwa vibaya, na kufikia 1932 karibu theluthi moja ya wafanyakazi hawakuwa na ajira. Sydney familia zilitolewa kwenye nyumba kwa kushindwa kodi, zikajenga vibanda vya mabati na magunia. Katikati ya hali hiyo daraja liliendelea kulipa mishahara ya watu 1,400 hivi kwa wakati mmoja. Baba mwenye kazi darajani aliwalisha wanawe, ndugu zake, na mara nyingi majirani. Daraja lilikuwa mashine iliyowapumulia, na wao wakalipa jina la mashine hiyo.

Nusu mbili za tao zilikutana Agosti 1930. Zilikuwa zimebakiza nafasi ya karibu mita moja, na kamba zilianza kulegezwa kidogo kidogo, usiku na mchana, huku upepo mkali ukilitikisa tao. Jioni ya tarehe 19, saa 10 na robo, ncha ziligusana. Jua lilipozama chuma kikasinyaa kwa baridi, zikaachana. Saa 4 usiku zikagusana tena na hazikuachana. Lawrence Ennis, mkurugenzi wa ujenzi wa Dorman Long, alikuwepo. Asubuhi bendera za Australia na Uingereza zilionekana zikipepea kwenye kreni, ving'ora vya meli vikalia bandari nzima, na wafanyakazi wakapewa mapumziko ya nusu siku.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kushuka. Barabara ilining'inizwa chini ya tao kuanzia katikati kuelekea kingo. Februari 1932 yakaletwa majaribio ya uzito: vichwa vya treni za mvuke 96 vilipangwa kwenye reli, kimoja kikigusa kingine, wahandisi wakapima chuma kilivyopinda. Hakikutoa dosari. Tao lilikuwa na urefu wa mita 503 kutoka bawaba hadi bawaba, kilele chake mita 134 juu ya bahari. Sydney haikupata fahari ya kuwa na tao refu kuliko yote duniani, kwa kuwa miezi michache tu kabla, Novemba 1931, daraja la Bayonne huko Marekani lilifunguliwa likiwa limelizidi kwa chini ya mita moja. Wamarekani hawakuhitaji zaidi ya hapo.

Sherehe ya ufunguzi ilipangwa tarehe 19 Machi 1932, na siasa ikaingia. Waziri Mkuu wa jimbo, Jack Lang wa chama cha Labor, alikuwa ametangaza kwamba riba za mikopo ya London zisimamishwe ili fedha zitumike kwa wasio na kazi. Matajiri na wapenda ufalme walimwona ni hatari, wakaunda kundi lenye mwelekeo wa kijeshi lililoitwa New Guard. Walichukia pia kwamba Lang angekata utepe yeye mwenyewe badala ya kumwachia mwakilishi wa mfalme.

Umati ulikuwa mkubwa mno. Makadirio yanaanzia watu 300,000 hadi milioni moja. Miongoni mwao alikuwepo Lennie Gwyther, mtoto wa miaka tisa, aliyepanda farasi wake Ginger Mick peke yake kutoka Leongatha, jimbo la Victoria, zaidi ya kilomita 900, ili tu aone daraja. Alipewa nafasi kwenye maandamano. Farasi mwingine ndiye aliyeharibu ratiba. Francis de Groot, mfanyabiashara wa samani mzaliwa wa Ireland na mwanachama wa New Guard, alivaa sare yake ya zamani ya kijeshi, akajichomeka nyuma ya kikosi cha farasi kilichomsindikiza Gavana Mkuu, na kabla Lang hajafika kwenye utepe akaukata kwa upanga, akitangaza kwamba analifungua daraja kwa jina la watu waungwana wa New South Wales. Polisi walimvuta kutoka kwenye farasi. Kwanza alipelekwa kupimwa akili, akaonekana mzima, kisha mahakama ikamtoza faini ya paundi tano. Baadaye naye aliwashtaki polisi kwa kumkamata kinyume cha sheria na shauri likamalizwa nje ya mahakama. Utepe ulifungwa upya dakika chache baadaye, Lang akaukata. Wiki nane hazikupita, gavana wa jimbo alimfukuza Lang madarakani.

Tukio la de Groot husimuliwa kama kichekesho, na ni kweli linachekesha. Ila utepe ule ulikatwa na mtu aliyeona kwamba daraja ni la watu waungwana, mbele ya mafundi waliolijenga na ambao wengi wao, kazi ikiwa imekwisha, walikuwa wanaingia kwenye foleni ya wasio na ajira. Pafu lilikuwa limezimwa.

Walioumia mara moja ni wenye vivuko. Abiria wao walipungua kwa zaidi ya nusu katika muda mfupi. Pale zilipokuwa karakana za Milsons Point palijengwa bustani ya michezo ya Luna Park mwaka 1935, na bwawa la kuogelea mwaka uliofuata.

Kuhusu nani hasa alilisanifu daraja, ugomvi ulidumu miaka mingi. Bradfield aliweka umbo na masharti ya kazi. Hesabu za kina zilifanywa na Ralph Freeman, mhandisi mshauri wa Dorman Long. Kila upande ulitaka jina lake. Mimi naona heshima inawatosha wote wawili, lakini Freeman ana habari inayotuhusu huku Afrika. Akiwa kijana alishiriki kwenye hesabu za daraja la Maporomoko ya Victoria juu ya Zambezi, ambalo nusu zake nazo zilinyooshwa kutoka kingo mbili na kukutana hewani mwaka 1905. Na baada ya Sydney alirudi: mwaka 1935 tao lake la Birchenough lenye urefu wa mita 329 lilifunguliwa juu ya mto Save, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, likiwa mdogo wa damu wa lile la Sydney. Mwaka 1939 likafuata daraja lake la Otto Beit huko Chirundu, ambalo madereva wa malori wanaotelemka Harare kutoka Lusaka wanalifahamu.

Henga yenyewe imebadilika kadiri mji ulivyotaka. Tramu ziliondolewa mwaka 1958 na njia zake zikapewa magari. Mwaka 1992 lilifunguliwa handaki chini ya bandari kulipunguzia daraja foleni. Tangu 1998 watalii hulipa kupanda juu ya tao, pale mafundi walipokuwa wakidaka ribiti bila mkanda, ila watalii hufungwa mikanda. Uchoraji rangi hauna mwisho, kwa kuwa chumvi ya bahari haipumziki. Paul Hogan, kabla ya kuwa mwigizaji mashuhuri wa filamu, alifanya kazi darajani kama fundi wa kamba na majukwaa.

Wenye nchi wa asili nao walipata siku yao. Tarehe 28 Mei 2000 watu wapatao 250,000 walivuka kwa miguu kuunga mkono maridhiano na Waaborijini, na ndege iliandika angani neno la kuomba radhi. Serikali ya shirikisho iliomba radhi rasmi mwaka 2008. Bendera ya Waaborijini ilisubiri hadi 2022 kupandishwa kileleni kwa kudumu, baada ya mabishano marefu kuhusu gharama ya mlingoti mpya, yaliyomalizwa kwa kuteremsha bendera ya jimbo na kuutumia mlingoti wake.

Na fedha? Siku ya kwanza gari lilitozwa peni sita, mpanda farasi peni tatu, na mifugo ikatozwa kwa kichwa. Deni la ujenzi lilimalizika kulipwa mwaka 1988. Tozo haikuondolewa, iliendelea kwa ajili ya matengenezo na ya handaki. Hadi leo gari linaloingia mjini kutoka kaskazini linalipa, na linalotoka kwenda kaskazini linapita bure.